Wale Wanaofunga Mlango wa Moyo

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo wa parokia katika sikukuu ya Jubilei



Katika siku kama hii ya Jubilei ni desturi kuhesabu. Twahesabu miaka, twahesabu nyumba zilizojengwa, twahesabu shule na watoto waliopita humo. Ni vema, maana mtu asiyehesabu mavuno hajui kama shamba lake lampa chakula au lampa majani tu. Lakini sisi tuliopewa saa hii ya kusema, tumeona vema tuwakumbushe habari za watu wasiohesabika kwa urahisi, kwa sababu hawajileti kuhesabiwa. Ni wale wanaokaa karibu na mlango ili wapate kutoka wa kwanza. Ni wale ambao ukiwauliza habari hujibu, "Njema," na neno lile ni kama komeo linalopigwa kwa ndani. Ukiwapelekea chakula, sahani hurudi ingali imejaa. Ukiwauliza mara ya pili, hukasirika. Mwisho watu husema, "Mwacheni, ndivyo alivyo," na kweli huachwa.

Hatusemi juu ya mtu mkimya tu. Wako watu waliozaliwa na maneno machache, nao wana furaha yao, wana rafiki wawili watatu, na hao wawatosha. Watu hawa hawana haja ya kutibiwa na mtu. Wala hatusemi juu ya yule anayemkimbia mtu fulani aliyemdhuru. Huyo ana haki ya kujilinda, na kazi yetu ni kumsaidia ajilinde. Twasema juu ya yule anayewakimbia wote, hata wale wasiomtendea ubaya, na huku moyoni ana njaa ya watu.

Tutaanza kwa kosa letu wenyewe. Maana si haki kuwaonyesha wengine njia tuliyopita salama, tukaificha ile tuliyopotea.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la nne. Akaja mtoto mwanamume wa miaka yapata 12. Mama yake alikuwa amekufa, naye alikuwa amekwisha kulelewa katika nyumba nne za jamaa, moja baada ya nyingine, kila mara akihamishwa pasipo kuulizwa. Akili alikuwa nayo. Lakini alikaa peke yake mwisho wa benchi. Mwenziwe akimsogelea, yeye hujitenga. Siku moja tuliandika "Vema sana" katika daftari lake. Akaichana ile karatasi mbele ya macho yetu. Wenzake wakamwita mwenye kiburi, nasi kwa siri tulikubaliana nao.

Basi tukaona tumsaidie kwa nguvu. Tukamwita mbele ya darasa, tukamwekea mkono begani, tukamwambia, "Mwanetu, sote hapa ni ndugu zako. Tuambie, una nini moyoni?" Watoto wote wakanyamaza wakimtazama. Naye akatazama sakafu muda mrefu, kisha akasema, "Sina kitu, Mwalimu." Tukamshurutisha mara ya pili, hata ya tatu. Akautoa mkono wetu begani, akarudi mahali pake. Kesho yake hakuja. Baada ya juma moja tulikwenda kwa mjomba wake, tukaambiwa amekwisha ondoka, amepanda gari la mizigo kwenda mjini. Hatukumwona tena.

Wakati ule tulisema, "Tulimpenda, lakini yeye alitukataa." Leo twasema namna nyingine. Tulikuwa na haraka ya kupendwa sisi, tukauvunja mlango ambao ilitupasa kuubisha. Mtoto yule amekuwa mwalimu wetu, ingawa hajui.

Tangu siku zile tulitafuta kujua: kwa nini mtu mwenye njaa aisukume sahani? Katika kutafuta tulikuta habari zinazotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki zaidi ya tulivyodhani.

Mwaka 1954 bibi mmoja mwanachuoni, jina lake Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika chuo cha uchunguzi wa mambo ya jamii huko Makerere. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, ambaye fikira yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga hamfuati mama kwa ajili ya maziwa tu, bali kwa ajili ya usalama. Bibi huyu hakukaa mezani kuandika alivyodhani. Alikwenda katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akawazuru akina mama 26 na watoto wao wachanga 28. Kila nyumba aliizuru yapata mara moja katika majuma mawili, akikaa kiasi cha saa mbili, akitazama na kuuliza, kwa muda wa miezi mingi. Habari zile alizichapisha katika kitabu mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona ya kuwa mtoto mwenye matumaini humfanya mama kuwa kama kituo cha safari: hutambaa aende kutazama kitu, hurudi akamgusa mama, kisha huenda tena. Tena aliona ya kuwa wale akina mama walioweza kumweleza mambo mengi madogo ya watoto wao, kwa kuwa waliwatazama kwa makini na kupendezwa nao, kwa kawaida watoto wao ndio waliokuwa na matumaini zaidi. Naye alijifunza kutazama hivyo nyumbani mwa Waganda, kabla hajafanya kazi ile iliyompatia sifa Marekani.

Baadaye, huko Baltimore, yeye na wenziwe walitengeneza jaribio fupi la dakika yapata 20. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja huingia katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mgeni huingia, mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Mtu angedhani la maana ni kilio cha mtoto mama atokapo. Lakini Bibi Ainsworth alitazama hasa namna mtoto anavyompokea mama arudipo. Wengi walimwendea, wakabembelezwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Lakini wako waliogeuza uso, wakashika kitu cha kuchezea, kana kwamba aliyeingia si kitu kwao. Mtazamaji angesema, "Huyu ni hodari, hana haja na mtu."

Sasa sikilizeni. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Marekani, Alan Sroufe na Everett Waters, walieleza habari za mapigo ya moyo ya watoto, yaliyopimwa kwa chombo wakati wa jaribio hilo. Mapigo ya wale waliogeuza uso yalionyesha kuwa nao wametaabika, ingawa macho yao yalikuwa makavu. Mwaka 1993 Wajerumani, Gottfried Spangler na Klaus Grossmann, waliandika habari za namna iyo hiyo. Uso ulisema, "Sitaki," na moyo ulikuwa ukienda mbio.

Jambo lililofanana na hilo lilionekana hospitalini Uingereza. Katika miaka ile hospitali nyingi ziliwapa wazazi saa chache mno za kuwaona watoto wao wagonjwa. Mtu mmoja, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari Bowlby, alionyesha mwaka 1952 picha za sinema za mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelala hospitalini siku nane. Yeye na Bowlby walieleza hatua tatu za mtoto aliyetengwa kwa muda mrefu: kwanza hulia na kupiga kelele, pili hunyamaza kwa huzuni, tatu huanza kula na kucheka na wauguzi, lakini mama ajapo hamtazami. Wauguzi walipoona hatua ile ya tatu walifurahi wakasema, "Amezoea." Robertson alisema: hakuzoea, ameufunga moyo. Watu walimpinga sana. Lakini mwaka 1959 baraza lililowekwa na serikali huko lilishauri wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto wao kwa wingi zaidi.

Ndugu zetu, ni mara ngapi nasi tumelitumia neno lile "amezoea"? Yatima amehamishwa nyumba ya nne, halii tena, twasema amezoea. Mjane haji tena kwenye ngoma wala kwenye matanga. Twasema amezoea upweke. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hapa yapasa tuseme maneno mawili ya tahadhari. La kwanza, mtu asitoke hapa akiwalaumu akina mama. Mama hafi kwa kupenda, wala haendi mbali kutafuta riziki kwa kuchoka na mtoto. Maradhi, njaa, vita, ndoa zilizovunjika, yote haya hufunga mioyo. Na wengine hawakufungwa utotoni, bali ukubwani, waliposalitiwa na mtu waliyemwamini. Tena sisi wenyewe twawafundisha wavulana wetu kwamba mwanamume halii, kisha twashangaa wakiwa wazee wasioweza kusema maumivu yao. La pili, mlango uliofungwa haukupigwa misumari milele. Wanaochunguza mambo haya wameona pia watu walioanza vibaya, kisha wakapata rafiki, au mwalimu, au mwenzi mwaminifu, wakafunguka polepole.

Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu wa namna hii si mjinga wala si mbaya. Mguu wake unakumbuka. Nawe ukija na wema wako, kwake ni unyasi uleule alimojificha nyoka, maana aliyemwumiza naye alianza kwa wema.

Basi tufanyeje? Tutawasimulia habari ya pili.

Miaka kadhaa baada ya kumpoteza yule mtoto, tulihamia parokia nyingine. Huko alikuwako bibi mmoja mjane, aliyekwisha kuwazika watoto wake watatu, akiishi pembeni ya kijiji. Akina mama walimpelekea unga, akaurudisha. Wazee wakaenda kumwonya, akafunga mlango nao wangali wakisema hodi. Sisi na mwalimu mwenzetu tulipita njia ile kila Alhamisi, tukienda shule ya kijiji cha pili. Tukasimama nje ya ua tukasema, "Shikamoo, Bibi." Mara ya kwanza hakujibu. Tukaenda zetu. Baada ya majuma kadhaa alijibu "Marahaba," pasipo kuinua uso kwenye ungo wake. Tukaenda zetu. Hatukuomba kuingia, wala hatukumwuliza habari za watoto wake.

Juma moja mto ulijaa, hatukuweza kupita. Alhamisi iliyofuata, kabla hatujasalimu, alisema kwa ukali, "Juma lililopita hamkupita." Tulifurahi mno, maana mtu hahesabu siku za asiyemngojea. Lakini hatukumwonyesha furaha ile. Tulisema, "Ni kweli, Bibi, mto ulijaa. Tuwie radhi." Naye akanyamaza.

Siku nyingine tukamwambia, "Bibi, kunde zako ni njema. Zetu tulizoweka za mbegu zimeliwa na wadudu. Wewe wafanyaje?" Akatutazama kwa mara ya kwanza. Akatueleza namna ya kuchanganya mbegu na majivu makavu yaliyochekechwa, na kuziba chombo vizuri. Akaingia ndani, akatuletea mbegu katika kibuyu kidogo. Tulizipokea kwa mikono miwili. Wala hatukumlipa papo hapo, maana malipo ya haraka ni namna ya kusema, "Hatutaki kuwa na deni kwako." Tulipovuna, tulimrudishia kibuyu kikiwa na kunde mpya.

Mwaka wa pili, Alhamisi moja, tulikuta vigoda viwili vya wageni nje ya mlango. Hakusema karibu. Tukakaa. Siku ile alitutajia majina ya watoto wake wote watatu. Na Alhamisi iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa, na hivyo kwa muda wa mwezi mzima. Zamani tungalisema, "Ametukataa." Sasa tulifahamu: alikuwa ameogopa kwa kuwa alifungua. Tukasalimu nje ya mlango, tukaenda zetu, hata vigoda vikarudi.

Alipougua, akina mama wawili aliokwisha kuwazoea waliingia kumchotea maji, naye akakubali kushikwa mkono mpaka zahanati. Muuguzi alisema kwamba angalikawia siku chache zaidi, angalikufa peke yake ndani. Watu hutuuliza, "Je, baadaye alikuja kukaa na wenziwe?" Alikuja mara chache, akakaa karibu na mlango. Nasi tulimwachia mahali pake.

Kutokana na habari hizi mbili twawapa ninyi walimu na ninyi wa parokia mashauri machache.

Kwanza, salimuni pasipo kudai. Salamu ni zawadi, si hodi ya kuingia ndani kwa nguvu.

Pili, njooni siku mliyosema mtakuja. Kwa mtu aliyeachwa, ahadi ndogo iliyotimizwa ina uzito kuliko maneno makubwa ya upendo. Usipoweza kuja, mpelekee habari. Na ukikosa, kiri kosa lako.

Tatu, fanyeni kazi pamoja naye bega kwa bega, kuliko kumketisha uso kwa uso. Mtoto asiyejibu maswali mezani huenda akasema mwenyewe mkipalilia bustani ya shule au mkifuta ubao. Mikono ikiwa na kazi, macho hupata mahali pa kukaa.

Nne, mwombeni msaada. Mtu anayepewa siku zote hujiona mzigo. Mtu anayeombwa hujua kwamba yuko.

Tano, akikuambia neno, lizikeni hapo hapo. Lisifike kisimani. Siri moja ikivuja, kazi ya miaka miwili imeharibika, naye atakuwa amepata ushahidi wa pili kwamba hakukosea kufunga.

Sita, akikusukuma, usilipize, wala usikimbie. Sema kwa upole, "Vema, nitapita tena Alhamisi," kisha pita. Lakini mtu mzima akikuambia wazi usije kwake, mheshimu; salamu ya njiani yatosha. Wala hakuna ajuaye kwamba upole ni kukubali kupigwa au kutukanwa daima; msaidizi naye ana mipaka yake.

Saba, usiende peke yako. Mwe wawili au watatu, ili mmoja akihamishwa asiwe ameondoka na mlango wote. Mtoto yule wa darasa letu alihamishwa mara nne. Asihamishwe mara ya tano kwa kuwa mwalimu mmoja ameondoka.

Nane, na hili ni zito. Ukimsikia anasema kwamba afadhali afe, au ukimwona anagawa vitu vyake kana kwamba anaaga, usiifiche siri hiyo. Kaa naye, waite watu wake wanaofaa, mpelekeni kwa daktari siku ile ile. Hapo si wakati wa kungoja Alhamisi. Kadhalika ukigundua kwamba mtoto amefunga moyo kwa sababu kuna mtu anayemdhuru sasa, usimrudishe mikononi mwa mtu huyo kwa kuogopa maneno ya watu. Wapelekee habari wenye mamlaka ya kumlinda.

Ninyi walimu, kesho mtakapoita majina, mtazameni mtoto anayekaa mwisho wa benchi. Msimwite mbele. Mpeni kazi ya kugawa chaki, mkamshukuru kwa neno moja, tena kwa sauti ndogo. Ninyi wa parokia, mkirudi leo, kila mmoja aikumbuke nyumba moja anayoipita pasipo kusalimu, kwa kuwa zamani alijibiwa vibaya. Aanze tena.

Sisi twajua jina la mtoto yule, ingawa hatukulitaja hapa. Pengine leo ni mtu mzima, ana watoto wake. Kama yu karibu na mlango wa mmoja wenu, mahali popote alipo, twawaomba jambo moja tu: msimwulize ana nini moyoni. Msalimuni, mwende zenu, na kesho mpite tena.